Pini nyekundu, pini nyeupe

Amplifaya imewashwa, muziki haujawekwa. Simu iliyolazwa mezani inataka kuita, na kabla haijatoa mlio wake, spika zinatangulia: tit-tit-tit, tit-tit-tit, trrr. Kila mwenye redio kubwa sebuleni ameusikia mlio huo. Wengi huilaumu simu, au spika. Mara nyingi mkosaji ni ule waya mwembamba unaotoka kwenye deki kwenda kwenye amplifaya.

Waya wenyewe ulikuja bure ndani ya boksi la deki: pini nyekundu na nyeupe za sauti, ya njano ya picha. Ukiuchana kwa wembe utakuta nyuzi chache za shaba, nyembamba kama unywele, na kuzizunguka nyuzi nyingine chache zilizoviringishwa kwa nafasi nafasi. Hizo za nje ndizo ngao. Kazi yake ni kuzuia mawimbi ya nje yasifike kwenye sauti, na ngao yenye matundu huugeuza waya kuwa antena.

Pini hizo ni za zamani kuliko mafundi wote wanaozichomea leo. Kampuni ya Radio Corporation of America, ndiyo RCA, ilizianzisha miaka ya 1930 kuunganisha mashine ya santuri na redio. Kasoro moja ya tangu enzi hizo haijaondoka: pini ya katikati hugusa kabla ya pete ya nje. Ukichomeka huku amplifaya inawaka, kwa kitambo kidogo sauti haina njia ya kurudi, na spika hunguruma hadi watoto wakakimbia. Zima kwanza.

Kisha kuna bei. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyejipatia jina Marekani kwa kuwaumbua wanaodai kuwa na nguvu za ajabu, aliahidi dola milioni 1 kwa yeyote atakayetofautisha, kwa masikio tu, nyaya za spika za Pear Anjou zilizouzwa dola 7,250 na nyaya za Monster za bei ya chini zaidi. Mazungumzo yakavunjika, jaribio halikufanyika, na hela haikuchukuliwa na mtu.

Hizo zilikuwa nyaya za spika, lakini hesabu ya nyaya ndogo za pini haiwapendelei wauzaji wa miujiza hata kidogo. Waya wa aina hii huhifadhi chaji kama kapasita ndogo, kiasi cha pikofaradi 100 kwa kila mita moja. Chukua deki ya CD ambayo mlango wake wa kutolea sauti una ukinzani wa omu 1,000. Kwa mita moja ya waya, sauti huanza kupungua karibu na hezi milioni 1.6. Sikio la kijana mzima huishia kwenye hezi 20,000. Refusha waya hadi mita 10 na bado uko kwenye hezi 160,000. Popo wengi wasingelalamika. Ni vifaa vya valvu vyenye ukinzani mkubwa, tuseme omu 10,000, ambavyo mita 10 zingevishusha hadi hezi 16,000, na hapo matoazi yangeanza kufifia.

Penye santuri mambo hubadilika. Deki ya CD hutoa takriban volti 2. Sindano ya santuri kama AT-VM95E ya Audio-Technica hutoa milivolti 4, sehemu moja tu ya mia tano. Chochote kitakachodokolewa njiani na waya mbovu kitakuzwa pamoja na muziki. Isitoshe, ndani ya kichwa cha sindano hiyo kuna koili ya milihenri 550, na koili hiyo hushirikiana na kapasita ya waya kutengeneza kilele katika sauti za juu. Watengenezaji wanashauri jumla ya pikofaradi 100 hadi 200, ukihesabu waya wa mkono wa mashine, waya wa pini na mlango wa amplifaya. Zikiwa 150, kilele kinakaa karibu na hezi 17,500, juu kabisa, hakisumbui. Tumia waya mrefu usiojulikana umetoka wapi, jumla ifike 350, na kilele kinateremka hadi hezi 11,500. Mwenye santuri za taarabu atakisikia: fidla zinachoma, herufi “s” ya mwimbaji inapiga mluzi, na juu ya hapo kanuni inapoteza ule mng'ao wa nyuzi zake. Atabadilisha sindano bure.

Kwa hiyo pesa kidogo ya ziada ipelekwe huku, kwenye waya mfupi ambao kiwandani wameandika pikofaradi zake kwa mita.

Dhahabu je? Inapitisha umeme vibaya kuliko shaba. Sifa yake ni kutoshika kutu, na kwa anayeishi Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, ambako upepo una chumvi, hiyo si sifa ndogo. Pini duni huota ukungu wa kijani na sauti ya upande mmoja ikaanza kukatika.

Mvumo mzito wa hezi 50, ule wa umeme wetu, ni kesi nyingine. Mara nyingi hutokea vifaa viwili vinapopata ethi kwa njia mbili tofauti, na tiba ya kwanza ni kuvichomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Wapo wanaokata waya wa ethi ndani ya plagi. Mvumo huisha kweli, na siku bodi ya amplifaya ikishika umeme, mwenye nyumba ndiye atakayekuwa ethi.

Fundi anayejua kazi hukata sentimita 80 za waya wenye ngao iliyofumwa vizuri, akachomea pini mbili kwa lehemu, kisha akaweka muziki na kuutikisa waya karibu na pini. Muziki ukikwaruza, anairudia lehemu.