Fahamu: Kwa nini "kali" ni sifa kwa huyu na onyo kwa yule

Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, huadhimishwa kila Julai 7. Siku hiyo sifa nyingi huelekezwa kwa Kiswahili sanifu. Lugha ya mitaani nayo inastahili kutazamwa kwa makini, na neno "kali" ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kisu kikali hukata vizuri. Jua kali huchoma, chungwa kali ni chachu, pombe kali hulewesha upesi. Geti lililoandikwa "Mbwa mkali" halihitaji maelezo. Mwalimu mkali anaweza kuwa mwenye hasira au mwenye kusimamia nidhamu tu; inategemea nani anasimulia, mwanafunzi au mzazi.

Kisha vijana wakaligeuza. Wimbo mkali ni wimbo bora, na "mkali wao" ni yule anayewashinda wenzake. Naona mantiki hapa: kinachopenya hadi ndani, kiwe makali ya kisu au sauti ya gitaa, hakipuuziki.

Utata huo unaweza kukukuta hata mbali zaidi. Kiambi, mji ulio kando ya mto Luvua katika mkoa wa Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uko kwenye eneo la Kiswahili cha Kongo, mojawapo ya lugha nne za taifa nchini humo. Huko kiambishi "m-" huvaa irabu: muntu, mutoto, mukali. Ukiambiwa "ule ni mukali", yaani yule ni mkali, sikiliza sauti na utazame uso wa msemaji kabla hujajibu. Anaweza kuwa anakutahadharisha, au anamsifu fundi wake.