Jonathan Bolingi: mtoto wa kipa Merikani aliyejijengea jina kwa magoli

LUBUMBASHI – Wapenzi wa mpira wenye umri mkubwa nchini RDC wakisikia jina Merikani hukumbuka golini. Mpangi Merikani alikuwa kipa wa Leopards wakati nchi ingali inaitwa Zaire. Mtoto wake, Jonathan Bolingi, alikwenda upande mwingine wa uwanja: yeye ni mshambuliaji, na kazi yake ni kuwasumbua makipa.

Bolingi alizaliwa Kinshasa tarehe 30 Juni 1994, lakini jina lake lilikomaa Lubumbashi, katika jezi nyeusi na nyeupe ya TP Mazembe. Kamalondo si mahali ambapo mchezaji hupendwa kwa sababu ya baba yake. Mwisho wa mwaka 2015 Mazembe ilikuwa imetwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara tano, na mashabiki walikuwa wamezoea magoli ya Mtanzania Mbwana Samatta. Samatta alipokwenda Genk, Ubelgiji, Januari 2016, pengo kubwa lilibaki mbele.

Wakati huohuo, Bolingi alikuwa Rwanda na kikosi cha kocha Florent Ibenge kwenye CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao. Katika nusu fainali aliifungia RDC dhidi ya Guinea kwenye muda wa nyongeza, kabla ya Leopards kushinda kwa penalti. Tarehe 7 Februari, jijini Kigali, RDC iliifunga Mali 3-0 katika fainali. Meschack Elia alipachika mawili, Bolingi akamaliza kazi kwa goli la tatu. RDC ikawa nchi ya kwanza kuchukua kombe hilo mara mbili, baada ya lile la 2009.

Mwezi Novemba mwaka huo furaha ilihamia Lubumbashi. Mazembe iliichapa MO Béjaïa ya Algeria 4-1 katika mechi ya marudiano ya fainali na kutwaa Kombe la Shirikisho la CAF. Bolingi alikuwa miongoni mwa wafungaji.

Magoli hayo ndiyo yaliyomfungulia mlango wa Ulaya. Mapema 2017 alikwenda Standard de Liège kwa mkopo, lakini nafasi ya kucheza ilikuwa finyu. Hakurudi nyuma. Alihamia Mouscron, ambako alicheza mara nyingi zaidi, na mwaka 2018 akasajiliwa na Antwerp. Baadaye alipita Lausanne nchini Uswisi, kisha Buriram United ya Thailand.

Siku ambayo huenda ni tamu kuliko zote kwake ilikuwa 30 Juni 2019, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri. Leopards walikuwa wamepoteza mechi mbili za kwanza, mbele ya Uganda na Misri, na walihitaji ushindi mkubwa dhidi ya Zimbabwe. Dakika ya nne tu, Bolingi alifunga. Siku hiyo alikuwa akitimiza miaka 25, na uwanja wenyewe unaitwa 30 Juni. RDC ilishinda 4-0 na kusonga mbele, ingawa Madagascar iliitoa kwa penalti katika hatua ya 16 bora.

Baba aliitumikia nchi kwa kuzuia magoli. Mtoto ameitumikia kwa kuyafunga, na ni Lubumbashi iliyompa nafasi ya kulithibitisha hilo.