Kabla hujakodi AC ya harusi, piga hesabu hii

Kama umewahi kufika Kapedo, unajua kwamba kule hata maji hutoka ardhini yakiwa moto. Chemchemi zake zina joto la karibu nyuzi 50, na sisi watoto wa hapo tumekua tukioga maji moto bila kuwasha kuni. Sasa fikiria harusi mahali kama hapo, mwezi wa Februari, saa saba mchana, ndani ya tenti ya plastiki.

Hiyo ilikuwa harusi ya dada yangu. Na mimi ndiye msee niliyeahidi kuleta baridi.

Nikuambie kwa nini nilijitia kimbelembele. Niliacha chuo Nairobi nikiwa mwaka wa pili, diploma ya umeme. Karo ilikuwa imeisha, na mbuzi ambao baba aliuza ili nisome walikuwa wameisha pia. Tangu hapo nikirudi nyumbani naona zizi limepungua. Hakuna anayenisema, na hiyo ndiyo noma zaidi. Kwa hivyo nilipopata vijisenti vya kuandika na kutengeneza simu hapa Lodwar, nikaona harusi ndiyo nafasi yangu. Nilitaka wageni waende makwao wakisema, "Kijana wa mzee alileta AC Kapedo."

Nikakodi AC mbili za kuhama, zile za magurudumu zenye bomba nene nyuma la kutoa hewa moto. Sh14,000 kwa siku mbili, dipoziti kando, usafiri juu yangu. Tukazifunga blanketi kama wagonjwa, tukazipandisha pikapu, tukashika vumbi kupitia Lokichar na Lokori.

Dakika kumi za kwanza mambo yalikuwa matamu. Maharusi waliokaa mbele ya mashine walitabasamu. Lakini kuanzia safu ya tatu kwenda nyuma, watu walikuwa wanajipepea kwa kadi za mwaliko. Mabomba tulikuwa tumeyapitisha chini ya turubai la pembeni, moja likawa linawapulizia joto akina mama waliokuwa wanapakua chakula. Kisha DJ akaongeza sauti, mashine zikawaka kwa pamoja, jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Muziki, maikrofoni na baridi, vyote vikaisha kwa mpigo.

Wazee hawakulalamika. Waliinuka mmoja mmoja, kila mtu na kigoda chake, wakaenda kukaa chini ya mgunga. Nyanya ndiye aliyeniita.

"Mjukuu wangu, huu mti ulikuwa hapa tangu asubuhi. Mbona hukutuuliza?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ninakupa wewe bure kabla hujatuma pesa kwa mtu.

Tuanze na hesabu. AC ya kuhama ya BTU 12,000, saizi ambayo utaikuta mara nyingi, huondoa joto la kama kilowati 3.5. Mbili ni kilowati 7. Mtu aliyekaa tu hutoa joto la kama wati 100, sawa na balbu ya kizamani. Sisi tulikuwa wageni 150. Hiyo ni kilowati 15, na hapo hujahesabu jua linalochoma plastiki juu, masufuria, wala wanaocheza. Mashine zangu hazingeweza hata nusu ya joto la miili ya watu.

Pili, kazi ya AC ni kuhamisha joto kutoka ndani kulipeleka nje. Kama ndani na nje hakuna mpaka, joto linarudi. Ile ya bomba moja ina shida nyingine: inavuta hewa ya ndani, inaibebesha joto na kuitupa nje. Nafasi ya hewa hiyo lazima ijazwe, na inajazwa na hewa moto inayoingia kwenye kila tundu. Tenti yetu ilikuwa tundu tupu.

Tatu, umeme. Mashine moja hula kama wati 1,200 ikiwa imetulia, lakini kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi. Ukiwa na mbili, pamoja na spika za DJ, jenereta ndogo haiwezi. Hii niliifundishwa darasani, mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimelipiwa na mbuzi wa watu kuijua, na siku niliyoihitaji sikuitumia.

Sasa, ungefanya nini badala yake? Angalia dereva yeyote wa lori huku kwetu. Anafunga mtungi wake kwa gunia, analilowesha, anauning'iniza kwenye upepo. Baada ya muda maji yanakuwa baridi. Maji yakikauka kwenye gunia yanaondoka na joto. Feni za maji, zile zenye tangi na pedi zinazolowa, hufanya kazi hivyohivyo. Lodwar hupata mvua ya kama milimita 200 tu kwa mwaka, hewa ni kavu, kwa hivyo feni hizi zinatufaa kuliko mtu wa Mombasa, ambaye hewa yake imeshiba unyevu tayari. Hula wati mia moja au mia mbili hivi, na zenyewe zinataka pembeni pawe wazi ili hewa ipite. Ukizifungia ndani na umati unageuza tenti kuwa sufuria ya mvuke. Kumbuka pia zinakunywa maji, hivyo kama mtaa wako maji ni ya kununua kwa mtungi, weka hiyo kwenye bajeti.

Na kabla ya feni, kuna kivuli na saa. Waturkana wana kitu kinaitwa ekwar: miti ya kando ya mto ambayo familia fulani ina haki ya kuitumia na kuitunza. Watu hawangeweka sheria juu ya kivuli na matunda ya miti kama vingekuwa vitu vya mchezo. Harusi ikianza saa kumi jioni chini ya miti, na feni mbili za maji upande wa wazee na akina mama wenye watoto, hutahitaji shujaa wa AC.

Lakini sitaki uondoke hapa ukidhani AC ni ya kuringa tu. Mwezi mmoja baada ya harusi mama alifanyiwa upasuaji, akaja kupumzika kwangu Lodwar. Chumba changu ni cha mabati. Saa nane mchana ukiegemea ukuta unaruka. Mama alikuwa analowa jasho juu ya bandeji na hapati usingizi.

Nilikodi AC moja, saizi ileile, siku kumi. Safari hii nilipiga kadibodi chini ya mabati iwe dari. Nikaziba nyufa kwa matambara, nikakata tundu la bomba kwenye ubao wa dirisha na kulizungushia utepe, nikatundika blanketi upande wa jua. Ndani tulikuwa watu wawili tu. Mama alilala saa tatu mfululizo. Nilikaa kando ya mlango nikasikia kompresa ikizima yenyewe kwa sababu chumba kilikuwa kimefika baridi niliyoiweka. Sauti hiyo sikuisikia Kapedo hata mara moja.

Joto si mzaha. Machi 2024 jirani zetu Sudan Kusini walifunga shule zote kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Mgonjwa, mtoto mchanga, mzee wa moyo: hao ndio wa kukodishiwa.

Siku ya sita stima ilipotea mchana. Nilimfunika mama shuka mbichi na kumpepea kwa kadibodi. Nikawaza bwawa la Turkwel, megawati 106, lililoanza kutoa umeme mwaka 1991. Umeme wake ulivutwa hadi Lessos kuingia gridi ya taifa, huku Lodwar ikiwashwa kwa miaka mingi na mitambo ya dizeli. Kwa hivyo ukikodi, uliza kwanza: stima ikipotea, nina mpango gani?

Uliza na haya. Mashine ina BTU ngapi na inakula wati ngapi? Bomba ni refu kiasi gani, na lina kipande cha kuzibia dirisha? Maji yanayodondoka yanaenda wapi? Iwashwe mbele yako dakika kumi na tano. Piga picha ya chujio, maana mimi dipoziti yangu ya Kapedo ilikatwa kwa sababu ya "vumbi", na sikuwa na picha ya kuonyesha lilikuwepo tangu mwanzo. Na siku ya kukodi ihesabiwe kuanzia saa ngapi? Yote yaandikwe kwenye meseji kabla hujatuma M-Pesa.

Siku ya nane baba alifika kumwona mama. Alisimama mlangoni, akatazama dari ya kadibodi, utepe, bomba.

"Hii ndiyo ile ya harusi?"

"Ni kama ile, baba. Ila hii nimeipigia hesabu."

Akavuta kigoda akakaa karibu na kitanda. Mama alikuwa amelala. Baada ya muda akasema polepole ili asimwamshe, "Basi hapa umesoma."

Mbuzi bado sijawarudisha. Nimeanza kuhesabu.