Ng'ombe Walioko kwa Jirani

Utani wa pwani dhidi ya Mgogo huanzia kwa ombaomba na kuishia hapohapo. Utani nauheshimu, sikubali unapogeuzwa elimu. Wasafiri wa Kizungu akina Burton na Stanley nao, katika karne ya 19, walilalamikia hongo, yaani ushuru wa njia, za watemi wa Ugogo wakatuona sisi Wagogo walafi. Hawakujiuliza maji ya misafara yao yalitoka visima vya nani, katika nchi yenye msimu mmoja tu wa mvua.

Heshima kwetu ilikuwa na hesabu ambayo mgeni hakuiona. Alihesabu ng'ombe kumi zizini kwa mzee, akadhani wameisha. Kumbe arobaini wengine wako kwa mashemeji, wajomba na marafiki, vijiji vya mbali. Kuwagawa hivyo ndiko tulikoita kukoza. Aliyelishiwa ng'ombe hakulipa mshahara: mchungaji alikamua maziwa, samadi ikaenda shambani kwake, ndama wakabaki wa mwenye mali. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mengine yalipona. Ila usalama wa mali ulikuwa nusu tu ya jambo. Mzee akifiwa, kila boma lenye ng'ombe wake lilileta watu. Akisema barazani, alisikilizwa hata na wasiompenda. Aliyewafungia ng'ombe wake wote nyumbani kwake alikuwa tajiri, basi. Hakuna aliyemwita kusuluhisha ugomvi.

Wanawake walikuwa na njia yao ya kupata heshima. Ngoma ya muheme hupigwa na wao, na mpigaji hodari hujulikana kuliko mumewe. (Waume hawapendi kuulizwa hilo.)

Kisha mji ukatufuata. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitolewa 1973, serikali ikahamia kwa kasi kuanzia 2016, na siku hizi mtu ni kiwanja chenye hati. Kijana akirithi, huzunguka vijijini kukusanya ng'ombe wa baba yake, akawapeleka mnada wa Msalato, akanunua mabati na saruji. Simlaumu kwa kutaka nyumba. Namlaumu kwa kuwachukua wote kwa mkupuo, hata jike lililokuwa kwa mjane, lenye maziwa ya wajukuu, bila kukaa naye chini wala kumwachia ndama. Halafu akigombea uongozi wa mtaa, anashangaa kukosa kura kule kwa wajomba zake.