Je, Wajua? Mbuzi ya Bibi Imeingia Kompyutani

Je, wajua kwamba simu iliyo mfukoni mwako inaweza kupima kitu bila kukigusa, kisha kitu hicho kikaumbwa upya ndani ya kompyuta, kila ufa na kila mkwaruzo ukiwa mahali pake? Mimi nililijua hilo kwa sababu ya mbuzi ya nazi.

Ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama, huko Pangani. Ubao wake wa kukalia umelainika na kuzama katikati kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu. Meno ya chuma chake yamelika zaidi upande mmoja, kwa kuwa bibi alikuwa wa mkono wa kushoto. Baada ya arobaini yake tuliikuta imeegemezwa ukutani jikoni, mchwa wameshaanza kuula mguu mmoja.

Kupiga picha ni mapenzi yangu ya siku nyingi, pamoja na kutengeneza video fupi za nyumbani: harusi za ndugu, ngalawa zikitia nanga, watoto wakicheza rede. Lakini picha ya mbuzi ile haikunitosha, maana picha huonyesha upande mmoja tu. Nilitaka niweze kuizunguka, kuiinamia na kuipindua hata siku ambayo mbao yake itakuwa vumbi.

Ufundi unaowezesha hayo huitwa fotogrametria, yaani kupima kwa picha, na msingi wake unao usoni. Nyoosha kidole mbele yako, fumba jicho la kulia, kisha fumbua na ufumbe la kushoto. Kidole kinaruka, ukuta wa nyuma yake umetulia. Au kumbuka safari ya basi kutoka Moshi kwenda Tanga: nguzo za kando ya barabara hupita mbio, mkonge wa shambani hupita taratibu, na milima ya Usambara ni kama inasafiri nawe. Kilicho karibu huhama sana, cha mbali huhama kidogo. Ukijua kimehama kiasi gani, na wewe umesogea kiasi gani, hesabu ya pembetatu inakupa umbali.

Kompyuta hufanya hivyo hivyo, ila kwa macho themanini badala ya mawili, kila picha ikiwa jicho moja. Katika kila picha hutafuta alama ndogo ndogo zinazotambulika: ncha ya ufa, kifundo cha mbao, doa la kutu. Mwaka 1999 David Lowe, wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, alionyesha njia ya kuitambua alama ileile hata kama picha nyingine imepigwa kwa karibu zaidi, imepinda, au mwanga umebadilika. Alama zikishalinganishwa kwa maelfu, programu hutafuta jibu moja linalokubaliana na picha zote kwa pamoja. Hapa ndipo nilipoduwaa. Sikuiambia kompyuta nilisimama wapi, wala mbuzi ina umbo gani. Yenyewe ilipata vyote viwili kwa mpigo: mahali nilipokuwa kila nilipobofya, na mahali pa kila alama. Kwanza hutokea wingu la nukta zinazoelea hewani. Kisha nukta huunganishwa kwa pembetatu kama wavu uliofumwa, na mwishowe wavu ule huvishwa rangi zilizotoka kwenye picha zenyewe.

Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta, tena lilizaliwa kwa hofu. Mwaka 1858 kijana wa Kijerumani, Albrecht Meydenbauer, alitumwa kupima kanisa kuu la Wetzlar. Alifanya kazi hiyo akiwa ndani ya kapu lililoning'inizwa kwa kamba. Jioni moja alitaka kuvuka kutoka kwenye kapu na kuingia kanisani kupitia uwazi wa juu ukutani, kapu likateleza kwenda pembeni, naye akabaki mkono mmoja ukutani na mguu mmoja kapuni, chini yake hakuna kitu. Alijiokoa kwa kulisukuma kapu kwa mguu kwa nguvu zote, na msukumo huo ukamrusha ndani. Alipotulia alijiuliza: kwa nini mtu ahatarishe roho yake kupima ukuta, ikiwa picha ya ukuta huo tayari inabeba vipimo vyake? Mwaka 1885 taasisi ya kazi hiyo ilianzishwa Berlin chini yake, na kwa miaka mingi ilipiga maelfu ya picha za makanisa na majumba kwenye vioo vikubwa. Vita Kuu ya Pili ilipobomoa mengi ya majengo hayo, vioo vile vilisaidia kujenga upya baadhi yake, likiwemo kanisa la Französischer Dom mjini Berlin. Meydenbauer alikuwa amekufa zamani.

Leo anachohitaji mpenda kazi hii ni simu, kompyuta yenye nguvu ya wastani, na programu zitolewazo bure kama Meshroom au COLMAP. Na subira. Mara ya kwanza niliiweka mbuzi uani saa saba mchana, nikaizunguka. Kivuli changu kikaingia kwenye nusu ya picha, na kompyuta ikakidhani ni sehemu ya mbao. Mara ya pili nilichukua video nikidhani nitaokoa muda, kwa kuwa video ni picha nyingi zilizofuatana; mkono ulikuwa unatikisika, na picha zilizopatikana zilikuwa na ukungu hata alama zikapotea. Mara ya tatu nilingoja asubuhi yenye mawingu, mwanga ukiwa laini pande zote. Nilitandika gazeti chini ya mbuzi, kwa sababu herufi za gazeti huipa kompyuta alama nyingi za kushika. Nikazunguka mara tatu: chini, usawa wa kifua, na juu, kila hatua picha moja, na kila picha ikirudia zaidi ya nusu ya iliyoitangulia. Ni lazima mpigaji asogee. Ukisimama palepale na kugeuza shingo tu, kidole hakiruki, na bila kuruka kwa kidole hakuna umbali.

Mbao kuukuu hupendwa sana na ufundi huu. Shaba haipendwi. Nilijaribu dele ya kahawa iliyosuguliwa ikang'aa, nikapata kitu kama nta iliyoyeyuka. Sababu ni kwamba mng'ao haukai kwenye dele. Huhama kila unapohama, na kompyuta huufuata kama mtu anayefukuza mwanga wa kioo ukutani. Nilipoipaka dele poda ya mtoto kidogo, umbo lilikaa sawa. Glasi nimeiacha kabisa.

Jambo moja wanaoanza hulisahau. Picha hazijui ukubwa. Kwa kompyuta, mbuzi ya bibi ingeweza kuwa na urefu wa kiberiti au wa nyumba, hesabu ni ileile. Ndiyo maana nililaza rula kando yake. Rula ikishaonekana katika picha chache, kila kitu kinapata kipimo, na sasa naweza kukwambia chuma kile kimelika milimita ngapi.

Umbo likishapatikana huingia kwenye programu ya Blender, ambako husafishwa, huwekewa taa na kutengenezewa video. Blender iliandikwa Uholanzi na Ton Roosendaal na wenzake, na kampuni iliyoimiliki ilipofungwa mwaka 2002, watumiaji walichanga euro 100,000 kwa wiki saba ili iachiwe kila mtu bure. Imebaki bure hadi leo. Filamu ya katuni ya Flow kutoka Latvia, iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa programu hiyohiyo. Video yangu ni ya sekunde arobaini: mbuzi inazunguka taratibu, kisha mwanga wa asubuhi unaingia kama ulivyokuwa ukiingia jikoni kwa bibi. Mama aliitazama, akaomba irudiwe.

Thamani ya kazi hii haiishii kwa vitu vya nyumbani. Mapema mwaka 2015 dunia iliona video ya watu wakivunja sanamu kwa nyundo katika Jumba la Makumbusho la Mosul, Iraki. Muda mfupi baadaye watu wa kujitolea walianza kukusanya picha za kawaida zilizowahi kupigwa humo na wageni, wakaziingiza kwenye kompyuta na kuyaunda upya maumbo ya vilivyovunjwa, ikiwemo sanamu ya simba wa Mosul. Waliozipiga walikuwa wanajiwekea kumbukumbu tu. Watafiti wa Marekani walikuwa wameshaonyesha mwaka 2009 kwamba picha 150,000 za jiji la Roma, zilizookotwa mtandaoni, zinaweza kugeuzwa majengo ya pande tatu kwa muda usiofika siku moja, kwa msaada wa kompyuta nyingi zilizounganishwa.

Kwetu pwani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town wameyapima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa mionzi ya leza na kwa picha. Mradi wao umejiita kwa neno letu wenyewe, Zamani. Ni kazi ya kushukuriwa. Lakini hakuna mradi utakaokwenda nyumba kwa nyumba kupima mbuzi, vinu, milango na makaburi ya wazee wetu. Na hata jumba kubwa haliko salama: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la mwaka 1883 pale Forodhani Unguja, iliporomoka na kuua watu. Maelfu walikuwa wamesimama mbele yake wakapigwa picha, na wengi wetu tunazo picha hizo kwenye albamu na kwenye simu kuukuu. Kila moja ni jicho la ziada, na pembetatu zinangoja macho.

Basi, ndugu msomaji, ukienda kwa wazee safari hii, chagua kitu kimoja ambacho hakitengenezwi tena. Kiweke kivulini, kitandikie gazeti, kilazie rula, ukizunguke kwa picha themanini. Hata kama huna kompyuta leo, zihifadhi picha hizo mahali pawili.