Tuyape Mahindi Kinga Dhidi ya Kiduha

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mkulima wa mahindi, kimlacho ki mizizini. Lipo gugu liitwalo kiduha, ambalo halishindani na mazao kwa kuyaziba jua tu kama yafanyavyo magugu mengine, bali hujishikiza kwenye mzizi wa mmea likafyonza maji na chakula chake. Mkulima huona mahindi yamedumaa na majani yamenyauka kana kwamba mvua imekatika, ilhali udongo bado una unyevu. Kiduha kinapochomoza na kuonyesha maua yake mazuri, ya zambarau au mekundu, hasara kubwa imekwisha kutendeka chini ya ardhi. Si ajabu kwamba wengine hulihusisha gugu hili na uchawi.

Msomaji wa Unguja au Pemba atauliza: hayo yanatuhusu nini sisi, na yanahusu nini Arusha? Maswali yote mawili ni ya haki. Visiwa vyetu hupokea sehemu ya chakula chake kutoka Bara, na upungufu wa mahindi huko haukosi kugusa bei ya unga huku. Ama Arusha, ni kweli kwamba miteremko ya Mlima Meru, yenye udongo mzuri wa volkano, si makao makuu ya kiduha. Gugu hili limeshamiri zaidi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na aina yake yenye maua mekundu huonekana Morogoro, Dodoma na mwambao. Lakini Arusha ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, kilichozalisha mbegu za mahindi kama Situka. Na Ngaramtoni, kando ya barabara iendayo Namanga, ndipo ilipo mamlaka ya taifa ya afya ya mimea pamoja na benki ya kuhifadhi mbegu za asili za nchi yetu. Ghala la silaha liko hapo. Mwenye ghala hangojei adui abishe hodi.

Tena yapo mazingira yanayomkaribisha adui huyu. Kiduha hupenda udongo uliochoka na shamba linalopandwa nafaka ile ile mwaka hadi mwaka. Ardhi ya Meru, ambayo wenyeji waliitetea hata mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, leo imegawanyika vipande vidogo vidogo, na mwenye kipande kidogo hana nafasi ya kukipumzisha. Wengi wao hushukia tambarare kavu, ambako rutuba ni haba, wakalima mahindi kila msimu.

Haitoshi kumwambia mkulima apalilie. Mmea mmoja wa kiduha waweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, nazo huweza kulala ardhini zaidi ya miaka kumi. Huamshwa na kemikali zinazotoka kwenye mizizi ya nafaka yenyewe, yaani mahindi ndiyo yanayomwita mwizi wake. Marekani, nchi tajiri, iligundua kiduha katika majimbo ya Carolina mwaka 1956. Iliweka karantini, ikaingiza gesi ya ethilini ardhini ili mbegu ziote pasipo mzizi wa kunyonya zife, na kampeni hiyo ikadumu kwa miongo kadhaa. Sisi hatuna fedha za namna hiyo. Kinga yetu haina budi kuwamo ndani ya mbegu.

Kazi hiyo si nyepesi. Mtama ni mzaliwa wa Afrika, umekaa na kiduha tangu kale, na ndani yake wataalamu walipata ustahimilivu wa asili. Mwaka 2002 nchi yetu iliidhinisha mbegu mbili za mtama zenye kuhimili kiduha, Wahi na Hakika; na mwaka 2009 mtaalamu mzaliwa wa Ethiopia, Gebisa Ejeta, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi yake juu ya mtama wa aina hiyo. Mahindi ni mgeni kutoka Amerika, hayakuzoeana na adui huyu. Huko Ibadan, Nijeria, wataalamu walilazimika kupanda mbegu za kiduha kwa makusudi shambani ili waone ni mahindi gani yatakayobaki yamesimama, na wakachukua pia nasaba kutoka kwa jamaa wa mahindi aotaye mwituni Meksiko. Kazi hiyo imekula miaka mingi, lakini imezaa matunda.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine. Mwaka 2005 ilizinduliwa huko mbegu iitwayo Ua Kayongo, ambayo hupakwa dawa ya kuua magugu, imazapiri. Kiduha kikigusa mzizi hufa, na mahindi yenyewe yanaistahimili dawa hiyo. Ni njia yenye nguvu. Lakini mkulima wa Meru atakuwa na maswali mawili. Kwanza, yeye hupanda mahindi pamoja na maharage, na mkono ulioshika mbegu hiyo ukishika maharage kabla ya kunawa huyadhuru. Pili, mbegu ya kupakwa dawa sharti inunuliwe kila msimu. Asiye na fedha afanyeje?

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Serikali isiikatae mbegu ya dawa, lakini fungu kubwa la utafiti liende kwenye mahindi yenye ustahimilivu ndani ya damu yake, na hasa aina ambazo mkulima aweza kujiwekea mbegu ya mwakani. Mbegu hizo zijaribiwe katika mashamba yenye kiduha, mbele ya wakulima, wala zisiishie katika vitalu vya vituo na kurasa za taarifa. Pia ziende pamoja na samadi na kilimo cha mseto, kwa kuwa hakuna mbegu inayokinga shamba lililochoka. Wataalamu wa ICIPE huko Mbita, Kenya, wameonyesha kwamba mmea wa desmodiamu ukipandwa kati ya mistari ya mahindi huzuia kiduha, hurutubisha udongo na huwa malisho ya ng'ombe. Kwa mfugaji wa Meru anayelisha ng'ombe wake zizini, hiyo ni faida juu ya faida.

Mwaka 1972 Chama kilitamka Iringa kwamba siasa ni kilimo. Kauli hiyo haipimwi kwa makofi ya mkutanoni. Hupimwa siku bwana shamba afikapo kijijini na mfuko wa mbegu, msimu ungali haujaanza.