Kabla ya Kulaumu Kahawa, Mashine Ikaguliwe



Kahawa iliyoanikwa juu ya udongo, au kurundikwa kabla ya kukauka, huweza kuota ukungu utoao sumu iitwayo okratoksini A. Tangu tarehe 1 Januari 2023, Umoja wa Ulaya hauruhusu sumu hiyo izidi mikrogramu 3 katika kilo moja ya kahawa iliyokaangwa. Jibu la maabara basi laweza kuamua bei ya jasho la mkulima, nasi hatuna budi kujua hupatikanaje.

Kipimo kimojawapo ni kromatografia ya kimiminika. Pampu husukuma kimiminika katika bomba jembamba lililojazwa chembe ndogo sana. Vitu vilivyomo katika sampuli hutengana humo, kila kimoja kikitoka kwa muda wake. Mpimaji huulinganisha muda huo na ule wa sumu halisi aliyonayo, kama sisi tunavyojaribu mizani kwa mawe yenye uzito unaojulikana.

Muda ukihama, kitu kingine huweza kudhaniwa sumu na kahawa njema ikakataliwa. Au sumu yenyewe ikapita bila kutambuliwa. Chanzo hutafutwa hivi:

1. Vitu vyote vikichelewa pamoja, hata kile kisichoshikwa na bomba, mwendo wa kimiminika umepungua. Kuna mvujo, au hewa imeingia katika pampu.

2. Kile kisichoshikwa kikitoka kwa wakati wake na vingine vikahama, mchanganyiko au joto limebadilika. Kwa kawaida maji yakizidi, vitu hukawia. Joto likipanda, huwahi. Okratoksini A ni asidi, hivyo ukali wa asidi katika kimiminika nao huhamisha muda wake.

3. Muda ukihama kidogo kidogo kwa majuma mengi, yaelekea bomba limechakaa.

Katibu akiletewa jibu baya aulize: je, sumu ya kulinganishia ilipimwa siku ile ile, na ilitoka kwa muda ule ule? Chama kihifadhi sampuli ya akiba iliyotiwa lakiri mbele ya mashahidi, ili ipimwe tena.

Hata hivyo, mashine sahihi haiponyi kahawa yenye ukungu. Vyama vya Bukoba na Muleba vihimize kuanika juu ya vichanja au mikeka, na visipokee kahawa ambayo haijakauka. Ulinzi wa kwanza uko uani kwa mkulima.